Nevenka Aomba Mwaliko

Novi Sad, 7 Mei 2019

Kaka Radisav,

Kristo amefufuka. Najua Pasaka imeshapita siku tisa, lakini salamu hii bado haijachacha. Natumaini barua inawakuta wazima, wewe na wifi Dobrila, na yule nguruwe mwenye sikio moja kama bado yupo. Mimi ni mzima kuanzia shingoni kwenda chini. Habari za huko juu zinafuata.

Nilipaka mayai kumi na mawili rangi kwa maganda ya vitunguu, kama alivyokuwa akifanya mama. Hakuna aliyekuja kugonganisha mayai nami, kwa hiyo nilishika moja kila mkono nikashindana mwenyewe. Mkono wa kushoto ulishinda, wa kulia ukanuna. Kazini bado nipo, pale pale kwenye dirisha la maulizo, kituo cha mabasi. Watu wananipenda sana kwa muda wa dakika mbili mbili.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia barua ya karatasi, mimi niliyekutumia ujumbe sitini na mmoja kwa siku moja Novemba iliyopita, wa kwanza ukisema samahani, wa mwisho ukisema usinitafute tena, na katikati mapishi ya keki. Sababu ndiyo hiyo hiyo. Tangu Januari naenda kwa mwanasaikolojia, mama mmoja anaitwa Terzić, mwenye viatu vya kamba na subira ya ng'ombe. Kumbe tatizo langu lina jina. Wanaliita hulka ya mpakani. Nilipoambiwa nilidhani ni ugonjwa wa watu wa forodha. Maana yake ni hivi: mtu wa kawaida akiona wingu anasema, wingu. Mimi nikiona wingu, kabla hujamaliza kuvaa koti nimeshaamua kwamba mafuriko yanakuja, kwamba wewe ulijua tangu jana, na kwamba nafasi yangu kwenye mtumbwi umempa mtu mwingine.

Tumekubaliana na Terzić kwamba mpaka slava, sikukuu ya mtakatifu wa ukoo wetu, ipite hakuna simu kati yangu na wewe, ni barua tu. Barua inachukua siku nne. Anasema siku nne ndizo hasa kichwa changu kinazohitaji kabla sijafungua mdomo.

Sasa jambo lenyewe, maana nimelizunguka vya kutosha. Mwaka jana, slava ya kwanza nyumbani kwako tangu baba afariki na kukuachia mtakatifu wa ukoo, nilizima mshumaa. Niliupuliza mbele ya wageni wote, mshumaa ambao mwenye nyumba peke yake ndiye huuzima, tena kwa divai. Kisha nikatembea na viatu vya kisigino mpaka barabara kuu, nikarudi Novi Sad ndani ya lori la kabichi. Tangu siku ile hatujaonana.

Nauliza swali moja tu. Mitrovdan mwaka huu, siku ya mtakatifu wetu, tarehe nane Novemba, nije au nisije?

Mdogo wako,
Nevenka

*

Kijijini, 30 Mei 2019

Nevenka,

Kweli amefufuka. Sisi wazima. Mvua imenyesha siku kumi na moja, njia ya bondeni imekatika, barua yako ilikaa posta wiki mbili. Nguruwe mwenye sikio moja yupo. Amezaa kumi na mmoja, wamebaki tisa. Goti la Dobrila linamsumbua akipanda ngazi. Jiwe la kaburi la baba limeshawekwa, limeinama kidogo upande wa kwa jirani Živadin, nitalinyoosha.

Kuhusu Mitrovdan. Unajua mwenyewe kwamba kwenye slava mtu haalikwi.

Radisav

*

Novi Sad, 6 Juni 2019

Kaka,

Pole na mvua, pole na nguruwe wawili, na wifi apake goti lake mafuta ya kafuri. Mimi nimenunua feni, ikaharibika, nikamwandikia mwenye duka barua kali, kisha nikagundua sikuwa nimeichomeka.

Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko padri anavyosoma injili. Nguruwe amepata sentensi mbili. Jiwe la baba limepata moja ndefu. Mimi nimepata moja. Halafu umeweka sahihi "Radisav", bila kaka wala nini, kama mtu wa kodi. Niliondoka mezani, nikarudi, nikaisoma tena. Bado ilikuwa Radisav.

Mtu haalikwi. Najua, kaka, nimezaliwa humo humo. Anayetaka huja, mlango u wazi, hata mliyegombana naye mwaka mzima ataingia na hutamuuliza kitu. Lakini hao hawakupuliza mshumaa. Mlango ulio wazi kwa kila mtu unaweza kabisa kuwa umefungwa kwa mtu mmoja, na huyo mtu ninamjua, nampiga mswaki kila asubuhi.

Nikueleze kilichonipata siku ile, maana hujawahi kuuliza. Nilifika na keki ya njugu ya ghorofa tatu, nimeishika magotini safari nzima. Wifi Dobrila akaipokea mlangoni, akaipeleka stoo, akanirudishia sinia la glasi. Nikatazama mezani. Kulikuwa na kiti cha Živadin, na cha mke wa Živadin, na cha mtu wa bima ambaye hata mtakatifu wetu hamjui. Changu hakikuwepo. Sekunde thelathini, kaka. Katika sekunde thelathini nilikuwa nimeshaelewa kila kitu: hamnitaki, hamjawahi kunitaka, baba alikuwa akinivumilia tu, na sasa amekufa nimekuwa mtumishi. Ushahidi wote ulikuwa pale juu ya sinia. Hakuna hakimu angenishinda.

Kinachonichekesha ni hiki. Dirishani kwangu mtu akija analia, amekosa basi la Subotica, ana mifuko mitatu na mama mgonjwa, mimi natulia kama jiwe. Namwonyesha njia sita. Nampitisha Vrbas, namtoa Bačka Topola, anafika kabla ya chakula cha mchana. Lakini basi nikilikosa mimi, njia ninazoziona ni mbili: kuzimu moja kwa moja, na kuzimu kwa kupitia Belgrade.

Terzić ana karatasi yake. Juu unaandika tatizo kwa sentensi moja, bila maneno ya kupamba wala ya kulaani. Mimi niliandika: "Kaka yangu mkatili, mwenye moyo wa zege, ananifukuza kwa ujanja wa kimya kimya." Akachukua kalamu nyekundu, alipomaliza yakabaki maneno mawili, "kaka yangu". Chini yake unaandika masuluhisho matano bila kujihukumu. Yangu yalikuwa haya. Nihamie kwa Wakatoliki, ambao hawana slava, mambo yaishe. Nije na mshumaa mpya wa mita moja na nusu. Nije nimevaa miwani nijifanye binamu wa mtu wa bima. Nihamie Kanada bila kuaga, kisha nichunguze nani amelia. Nimuulize kaka tena.

Terzić akauliza, "Abiria angekuja dirishani, ungempa lipi?"

Nikamwambia, "Abiria nampa la tano. Mimi mwenyewe napendelea Kanada."

Basi nakuuliza tena. Sitaki hotuba. Andika neno moja, "njoo", halafu rudi kwenye nguruwe wako.

Mdogo wako (unaona ilivyo rahisi),
Nevenka

*

Novi Sad, 20 Agosti 2019

Radisav,

Wiki kumi na moja. Nimekuelewa.

Ningeweza kukujulia hali lakini naona hali yako ni nzuri, unapumua vizuri bila mimi. Kaa na mtakatifu wako, na wifi wako, samahani, mke wako, na mtu wa bima. Wekeni viti hata kwenye miti. Mimi sina kaka. Nikiulizwa nitasema tulikuwa mmoja tu kwa mama, na huyo mmoja aliishi Novi Sad.

Usijibu. Najua hutajibu, lakini nataka iwe nimekukataza.

Nevenka Stamenić, mtu wa kodi

*

Novi Sad, 24 Agosti 2019

Kaka Radisav,

Salamu. Barua yangu ya tarehe ishirini, kama haijafika, mwombe mpeleka barua aipoteze. Nilijaribu kuirudisha. Nilisimama mbele ya sanduku la posta dakika arobaini nikimsubiri mwenye ufunguo, na alipofika akaniambia barua ikishaingia ni mali ya aliyeandikiwa. Nikamwambia mwandikiwa ni kaka yangu na mimi ni mgonjwa wa mpakani. Akasema mpakani ni kilomita mia moja kutoka hapa, mama, panda basi.

Nimempelekea Terzić nakala. Akauliza, "Katika wiki hizi kumi na moja, kuna sababu gani nyingine ambayo mtu anaweza kukosa kuandika?" Nikasema hakuna. Akasema nipate tatu. Nikapata moja: amekufa. Tangu saa ile sijalala vizuri, kaka, kwa hiyo naomba hata uniandikie kunitukana. Andika "mpumbavu wewe" nijue mkono wako bado unatembea.

Nisamehe.

Nevenka

*

Kijijini, 27 Agosti 2019

Mpendwa Nevenka,

Ni Dobrila ninayeandika, Radisav anasema na mimi naandika. Anasema: tuko wazima.

(Si kweli. Tarehe ishirini na mbili Juni alianguka kutoka dari la majani makavu. Mkono wa kulia umevunjika sehemu mbili, umetiwa chuma, na bega halinyanyuki. Wiki tatu alikuwa hospitali. Nilitaka kukuandikia siku ya pili, akakataa. Alisema ukijua utakimbilia huku, utajilaumu, utasema ni kwa sababu ya ule mshumaa. Akasema ataandika mwenyewe akipona. Nikamwambia, wewe mtu, mkono huo utaandika Krismasi.)

Anasema: mvua haikunyesha Julai yote, mahindi yamesinyaa.

(Amekaa chini ya dirisha, ameshika barua yako ya Juni, ile ya nguruwe na sentensi. Ananiambia niandike mahindi.)

Anasema: plamu ni nyingi, Živadin atasaidia kuchuma.

(Wifi, nikwambie jambo ambalo huyu hatalisema hata ukimfunga kamba. Mwaka jana ulipotoka, wageni wote walibaki wakiutazama mshumaa. Radisav akawasha mshumaa tena, akageuka, akawaambia wageni kwamba ule ulikuwa upepo wa mlangoni. Mlango ulikuwa umefungwa na madirisha nilikuwa nimeyaziba kwa magazeti. Wote walikuona. Padri mwenyewe alikuona. Ndipo Živadin akasema, "Kweli, leo kuna upepo," na mtu wa bima akasema kwao Šabac ni hivyo hivyo. Mpaka leo hapa kijijini tunaongea habari za upepo ule.)

Anasema: kaka yako Radisav. Amerudia mara mbili nisisahau neno kaka.

Dobrila

*

Kijijini, 14 Oktoba 2019

Nevenka,

Hii naandika kwa mkono wa kushoto, nisamehe herufi. Sisi wazima. Plamu zimeshachachuka, pombe ya rakija itakuwa kali. Jiwe la baba, Živadin amelinyoosha, sasa limeinama upande wetu.

Barua zako mbili za Agosti zilifika pamoja. Nilifungua ya msamaha kwanza. Sikujua msamaha ni wa nini mpaka Alhamisi, nilipofungua ile nyingine.

Kwenye slava mtu haalikwi. Sitaandika lile neno. Baba hakuliandika, wala babu. Unayemwandikia neno hilo umemfanya mgeni.

Mwaka huu Mitrovdan ni Ijumaa, siku ya mfungo, kwa hiyo ni samaki na maharage ya kuokwa. Vitunguu ni kilo kumi na mbili. Dobrila na goti lake hawezi peke yake, mimi siwezi kushika kisu. Kwa kazi mtu huitwa. Uwe hapa Jumanne. Lete kisu chako, vyetu ni butu.

Kaka yako Radisav

*

Novi Sad, 22 Oktoba 2019

Kaka,

Pole na mkono. Herufi zako za kushoto ni nzuri kuliko za kulia, usirudi nyuma.

Nitakusimulia nilivyoisoma barua yako, kwa sababu Terzić anataka nijifunze kusema njia niliyopita, siyo mahali nilipofika tu. Kwanza nilisoma "vitunguu kilo kumi na mbili" nikasema, ahaa, hatimaye wamekiri, mimi ni mtumishi. Nikavaa koti niende posta nikuandikie matusi hapo hapo. Nikakumbuka siku nne. Nikavua koti. Nikaandika juu ya karatasi: "Kaka ameniita nimenye vitunguu." Nikaitazama sentensi hiyo nikitafuta tusi, nikakosa. Nikamwonyesha mwenzangu wa dirisha la tiketi, mama wa Leskovac, nikamuuliza yeye angeitwa na kaka yake kumenya vitunguu vya slava angesikiaje. Akasema, "Ningesikia mgongo."

Halafu akaniuliza wageni kwenu humenya vitunguu? Nikasema mgeni hashiki hata kijiko. Akauliza, na wenye nyumba hukaa mezani? Nikasema wewe umezaliwa wapi, mwenye nyumba husimama kutwa, anahudumia, hakai mpaka mgeni wa mwisho aondoke. Nilikuwa namjibu kwa ukali kidogo, kama namfundisha. Katikati ya sentensi nikaliona lile sinia la glasi.

Kaka, nina miaka thelathini na tisa na nimesoma chuo. Wifi alinipa sinia mlangoni kwa sababu nilikuwa nimefika nyumbani, na mimi nikamlipa kwa kuzima mshumaa. Nimecheka dirishani mpaka abiria wa Zrenjanin akauliza kama basi lake limefutwa.

Nakuja Jumanne kwa basi la saa mbili asubuhi. Kisu ninacho. Naogopa sana.

Nevenka

*

Novi Sad, 12 Novemba 2019

Kaka Radisav,

Nimefika salama, miguu imevimba mpaka nimevaa viatu vya mwenye nyumba wangu, ambaye ni mwanamume. Msalimie wifi. Mwambie mikono bado inanuka na kwenye kituo watu wanapanga foleni ya dirisha jingine.

Ulipokwenda kuchukua samaki hukusikia tulivyokuwa jikoni. Kilo nne za kwanza hatukusemezana. Kwenye ya tano wifi akasema, "Kata nyembamba, maharage hayana meno."

Nikamwambia, "Nikikata nyembamba tutamaliza Krismasi."

"Basi utakaa mpaka Krismasi. Nani amekufukuza?"

Nikalia, na nikashukuru sana kwamba kulikuwa na vitunguu vya kusingizia.

Sasa nikiri. Ijumaa ilikwenda vizuri mpaka wakati wa kuzungusha mkate wa mtakatifu. Padri alishika upande mmoja, wewe ukashika kwa mkono mmoja, na mimi nikashika pale ambapo mkono wako mwingine haukufika, na mkate haukuanguka, na nikajisikia mtu mwema kuliko watakatifu wote ukutani. Hapo ndipo huwa naanguka, nikiwa juu. Dakika chache baadaye nikapita na glasi karibu na mshumaa, na Živadin akasema kwa sauti, "Jamani shikeni kofia, upepo umefika." Meza nzima ikacheka. Wifi akacheka. Nilikusikia na wewe ukicheka.

Niliweka sinia juu ya friji nikatoka. Sikuchukua hata koti. Nilifika kwenye banda la nguruwe, nikasimama mbele ya yule wa sikio moja, na kichwani lori la kabichi lilikuwa limeshawashwa injini. Nilikuwa na sentensi yangu tayari, ilikuwa na "wanafiki", na "mbele za watu", na "mwaka mzima". Nikaanza kufuta, neno moja moja, kwa sauti, nguruwe akinitazama. Ilichukua muda mrefu. Mwisho ikabaki: "Živadin amefanya utani." Nikangoja iniumize tena. Ilikuwa inauma, lakini kama kidole, siyo kama nyumba inaungua.

Nikatafuta suluhisho. Lori. Kanada. Kumvisha Živadin keki. Kurudi ndani, kwa kuwa glasi zilikuwa zimepungua upande wa padri. La nne lilikuwa dogo mno kiasi cha kuniudhi. Nikalichukua. Nikaingia kwa mlango wa jikoni, nikashika sinia, nikamwambia Živadin kwamba upepo unauliza kama anataka divai nyeupe au nyekundu.

Ndiyo ushindi wangu mkubwa wa maisha, kaka, na hakuna shahidi ila nguruwe, kwa sababu hakuna hata mmoja wenu aliyegundua kwamba nilitoka. Zamani hilo peke yake lingenitosha kulia wiki mbili. Safari hii nililia ndani ya basi mpaka Šabac tu, kutoka hapo nikalala.

Mdogo wako,
Nevenka

*

Kijijini, 19 Novemba 2019

Nevenka,

Sisi wazima. Theluji ya kwanza imeanguka juu ya mlima Rudnik, huku bado. Nguruwe yupo. Wiki ijayo wananitoa chuma kimoja. Keki yako imeisha, Dobrila anataka mapishi, kwa simu ukitaka, namba ni ile ile.

Umeandika kwamba hakuna aliyegundua ulipotoka. Nilikuwa dirishani. Nilisimama na saa mkononi, padri ananisemesha, simsikii. Zilikuwa dakika kumi na saba. Zingefika ishirini ningekufuata.

Kaka yako
Radisav